Pelé anaimba, ila sindano inaruka: santuri ya 1977 niliyoinunua

Nilipomwambia mama mwenye nyumba wangu hapa Chikongola, Mtwara, kwamba nimelipa Sh 85,000 nimsikilize Pelé akiimba, aliuliza kama nimeanza kunywa uraka, pombe ya mabibo, asubuhi.

Ni Pelé huyo huyo wa Kombe la Dunia 1958, 1962 na 1970. Santuri yenyewe inaitwa Pelé tu, ilitolewa na kampuni ya muziki ya Atlantic ya Marekani mwaka 1977, wakati mfalme yuko New York anamalizia soka na timu ya Cosmos. Mwaka huo huo, Oktoba 1, aliagwa kwa mechi ya Cosmos na Santos, timu yake ya zamani ya Brazil, akachezea kila timu kipindi kimoja. Muziki ni wa filamu iliyohusu maisha yake, na aliyeusimamia ni Mbrazili mwenzake, mwanamuziki Sérgio Mendes.

Niseme mapema, maana tangazo la muuzaji halikusema: Pelé haimbi santuri nzima. Utamsikia kwenye "Meu Mundo É uma Bola" na "Cidade Grande". Sehemu kubwa iliyobaki ni vyombo, na humo saksafoni nzito ya Gerry Mulligan ndiyo mwenye nyumba, wengine wote wapangaji. Ukinunua kwa ajili ya sauti ya Pelé peke yake, utajiona umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Na hiyo sauti? Ya kawaida mno. Nyembamba, ya mtu anayeimba huku anaosha baiskeli yake, hajali jirani anasikia. Juu hapandi, na hajaribu kupanda. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tatu nikagundua naiitikia jikoni. Wacheza mpira wengi wakiimba wanataka tuamini kwamba walikosea fani. Huyu anaimba kama amekaribishwa tu, akashukuru.

Aliyenifungulia mambo ni mama mwenye nyumba mwenyewe. Ni Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, kakulia Pemba (ya Msumbiji, si ile ya karafuu), Kireno chake hakijapata kutu. Alikuja kulalamikia kelele, akasimama mlangoni na ungo wake mkononi.

"Anasema dunia yake ni mpira," akanitafsiria jina la wimbo. "Na huu mwingine, mji mkubwa. We mwanangu unasikiliza usichokijua?"

Akaketi kizingitini akapepeta mchele mpaka upande wa santuri ukaisha.

Sasa huduma. Muuzaji wa Dar aliandika "safi kabisa". Mzigo ulikuja kwa basi, nikaufuata stendi ya Mkanaledi saa mbili usiku, nauli ya kifurushi Sh 8,000 juu yangu. Santuri ilikuwa imefungwa kwa gazeti na mfuko wa rambo, hata kipande cha boksi hakuna! Kutoka Dar mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 500 ndani ya buti yenye joto, na santuri ni plastiki. Ilifika imepinda kama chapati iliyosahauliwa. Niliilaza katikati ya vigae viwili, juu nikaweka kiroba cha mchele cha kilo 25, siku nne. Imenyooka kiasi, bado inapanda na kushuka ikizunguka, lakini haikwaruzi.

Mkwaruzo ninaoulalamikia ni wa zamani, na ulionekana kwa macho. Uko katikati ya "Cidade Grande": sindano ikifika hapo inaruka nyuma, Pelé anarudia neno lile lile mpaka uinuke umsukume kwa kidole. Jalada nalo kona moja imeliwa na mende.

Muziki naupa nne kwa tano. Muuzaji moja, na hiyo moja ni kwa sababu baada ya simu sita alinirudishia Sh 20,000. Nimenunulia sindano mpya.