Irente Farm, Lushoto: pazuri sana kwa kundi la kanisa

Vijana wa usharika tulikuwa Lushoto kwenye huduma, kupaka rangi madarasa na kutembelea wazee, sasa siku ya mwisho kabla hatujashuka Mombo mwenyekiti akasema twendeni Irente Farm tukale pamoja, na jamani pale pako vizuri. Ni kama kilomita 5 hivi toka mjini, shamba la KKKT Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, kwahiyo tulijisikia nyumbani kabisa. Kilichonikosha ni ile jibini yao, wanatengeneza wenyewe, ukiiweka kwenye mkate wao mweusi mzito na jamu ya matunda ya hukohuko utaomba tena, mimi mpenzi wa ugali nasema hivyo. Wahudumu wapole mno, walituachia nafasi tukaomba na kuimba chini ya miti, wengine wakalia maana kuagana na wenyeji kulikuwa kugumu.

Mkimaliza kula tembeeni hadi Irente Viewpoint, unaiona Mazinde na nyika yote kule chini. Mkiwa wengi wapigieni mapema waandae chakula, na bebeni masweta, jioni baridi si mchezo.