Uzoefu wangu: nilipeleka supachaja ya marehemu baba ithaminiwe Mtwara, wakafuta namba

Jamani, kuna hawa jamaa pale Mtwara mjini wanajitangaza kwenye magrupu ya watsapu kwamba wanatambua na kuthamini spea za magari ya kale, ada elfu thelathini, na ukitaka kuuza wanakutafutia mteja mpaka nje ya nchi. Jina siweki, wakisoma watajijua. Niliwapelekea supachaja ya marehemu baba na mpaka leo nikikumbuka mikono inatetemeka.

Baba alikuwa fundi Lindi miaka mingi. Hii mashine aliitoa kwenye Morris Minor ya bwana mmoja wa mashamba ya mkonge, gari likafa yeye akabaki nayo, akaitunza stoo ndani ya gunia, mara moja moja anaidondoshea oili na kuzungusha puli kwa mkono isije ikaganda. Kwa asiyejua, supachaja inaendeshwa na injini yenyewe, mara nyingi kwa mkanda, inashindilia hewa iingie nyingi kuliko injini inavyoweza kuvuta, sio tabo inayozungushwa na moshi wa ekzosi. Ya baba ni Shorrock ya Uingereza, na hilo halikuwa la kubahatisha, ubavuni ilikuwa na kibati kimepigwa ribiti, kimeandikwa jina, modeli na namba yake. Ilikuwa nacho.

Basi nikafika, ulikuwa msimu wa korosho, njia nzima malori, nimeipakata mapajani tangu Lindi. Mwenye ofisi hata kiti hakunipa. Akaiangalia akasema, "Hii pampu ya maji, mama. Tuweke kwenye mizani?" Mizani ya chuma chakavu! Nikamjibu kwa upole tu, kaka, hii ni supachaja, soma kibati. Akawageukia vijana wake, "Siku hizi kina mama nao mafundi," wote wakacheka. Mimi nimekulia gereji, nampa baba spana kabla sijaanza shule, halafu mtu hajui hata anachokishika ananichekea kwa elfu thelathini yangu.

Akachukua simu, akaperuzi peruzi, ghafla sura ikabadilika. Eti hii ni ya Bentley, hela ndefu, tugawane nusu kwa nusu! Yaani dakika ile ile imetoka pampu ya maji imekuwa Bentley. Supachaja ya ile Bentley ya 4½ Litre, aliyoibuni Amherst Villiers, inakaa mbele kabisa ya rejeta na inaendeshwa moja kwa moja na krankshafti, ile shafti kuu ya injini, dude kubwa, na gari zenyewe za kuuzwa zilitengenezwa 50 tu. Na ndani ni aina ya Roots, rotor mbili zenye umbo la nane zinazungukana bila kugusana. Ya baba ukimulika tochi kwenye tundu la hewa unaona dramu moja, haikukaa katikati, imeegemea upande mmoja, ina mapanga manne. Tochi tu kaka! Hata ya simu. Angemulika angejua sio Roots, na angejua sio zile za kifeni kama Paxton za Marekani walizofunga kwenye Ford Thunderbird za 1957. Mthamini asiyechungulia ndani anathamini nini?

Tukiwa tunabishana hapo nikasikia grenda. Nageuka, kijana wake ameweka brashi ya waya anasugua ubavuni. Nilipiga kelele mpaka watu wa duka la pili wakatoka. Ilikuwa sekunde chache tu. Maandishi yale yalikuwa yamegongwa juu juu na rangi nyeusi imebaki kwenye mashimo ya herufi, nikiwa mdogo nilikuwa napitisha kucha humo. Sasa kibati kinang'aa kama sahani, imebaki S na nusu ya tarakimu ya mwisho, sijui 3 sijui 8. Bosi anasema nini? "Namba za nini mama, chuma ni chuma. Tumekung'arishia bure."

Namba ndiyo bei! Mtu anayefufua Morris au MG ya miaka ya 1950 anataka kujua modeli, maana modeli ndiyo inamwambia ukubwa, kama inaendana na injini yake, na namba inamthibitishia ni orijino sio ya kuungaunga. Anataka pia manifoldi yake, breketi, puli, na baba alivitunza vyote, kifaa chenye vikorokoro vyake vyote kinauzika mbali sana na kifaa kitupu. Kuna supachaja kubwa tu na haina bei ya kutisha, kama zile 6-71 za kampuni ya GM ya Marekani, zilitoka kwenye injini za dizeli za silinda 6, kila silinda inchi za ujazo 71, zilitengenezwa kwa wingi. Ukubwa au kung'aa sio thamani. Huyu bwana anang'arisha.

Nataka niwe mkweli, yule kijana alinifuata hadi stendi ya bajaji, akasema samahani mama, nilitumwa, na akanisaidia kubeba. Na nusu ya ada nilirudishiwa. Nilipokuwa kwenye basi nikasema basi niwape nyota mbili, za kijana. Lakini hapana, nikiiona ile S imebaki peke yake nafuta, hakuna nyota, na ile nusu nyingine ya ada naidai! Kama unaye mzee ana spea ya zamani Lindi, Mikindani, Masasi, popote, piga picha kibati kabla hakijatoka nyumbani na usikubali mtu akisafishe kwa kitu chochote zaidi ya kitambaa.

Supachaja yenyewe nzima, inazunguka vizuri. Kwa hiyo naomba, kama familia yako ilikuwa Lindi enzi hizo na mna picha ya Morris Minor imefunguliwa boneti, au risiti yoyote ya gereji ya baba yenye neno Shorrock na namba, nitumieni inboksi. Gharama ya kusafirisha karatasi nalipa mimi.