Maduka ya bondi Dar: yanamhudumiaje mwenye mali aliyewekewa bila ridhaa yake?

Kwa anayekopa, duka la bondi ni huduma nyepesi. Anaacha simu, laptop, runinga au cherehani, anapewa pesa papo hapo, anarudi kukomboa siku waliyokubaliana. Tathmini hii haimhusu yeye. Inamhusu dada ambaye shemeji yake alibeba simu kabatini, au fundi ambaye msaidizi wake alibeba cherehani usiku, na sasa amesimama kaunta akidai kitu chake mwenyewe. Kwa mtu huyo maduka mengi ya jijini hayafiki hata nusu ya alama, na sababu inaonekana palepale kaunta.

Angalia kinachobandikwa kwenye mali. Ni kikaratasi chenye jina la aliyeleta, namba yake ya simu, kiasi alichochukua na tarehe ya mwisho. Kipande cha pili anaondoka nacho mkopaji. Kwa desturi ya duka, mwenye kipande ndiye mwenye mali. Hapaulizwi risiti ya kununulia, hapaulizwi boksi. Duka linalostahili sifa ni lile linalotaka namba ya NIDA ya anayeweka, linaloandika IMEI (namba ya utambulisho ya simu) au namba ya mfululizo ya kifaa (serial number) kwenye daftari, na linalokataa simu iliyofungwa ambayo mletaji hawezi kuifungua. Yapo ya namna hiyo, na huko mwenye mali hupata kitu chake bila vurugu kwa sababu daftari lenyewe linamtetea.

Jibu utakalopewa kwanza ni hili: "Lete hela aliyochukua pamoja na riba, uchukue chako." Usilipokee kana kwamba ndiyo sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 258 (toleo la 2022), inapoeleza nia inayofanya uchukuaji uwe wizi, inataja waziwazi nia ya kukitumia kitu kama rehani au dhamana. Kwa hiyo utetezi wa "nilikuwa naikomboa mwisho wa mwezi" haumsafishi aliyeichukua. Kenya ina maneno hayohayo katika kifungu cha 268 cha Kanuni yake ya Adhabu. Na duka likijitetea kwamba lilinunua, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ina kanuni kwamba muuzaji hawezi kumpa mnunuzi haki ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo. Utetezi huo wa kununua utausikia mara nyingi, maana baadhi ya wakopeshaji humsainisha mteja mkataba wa mauziano badala ya wa mkopo. Uombe uusome, na uangalie nani ametia saini kama muuzaji.

Mpangilio wa hatua ndio unaoamua kama utaondoka na mali. Anza na ushahidi: risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi), boksi lenye IMEI, picha za zamani zinazoonyesha mkwaruzo au stika. Kama boksi limepotea, IMEI ya simu ya Android huonekana kwenye akaunti ya Google iliyokuwa ndani yake. Namba ya laptop husomeka chini yake, na aliyekuuzia anaweza kuwa nayo kwenye nakala ya risiti. Kisha nenda kituo cha polisi ufungue RB, yaani taarifa ya kosa inayoandikwa kwenye kitabu cha polisi na kupewa namba, ambayo hailipiwi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanachukua taarifa ya upotevu wa mali kwa sababu inapatikana haraka mtandaoni. Karatasi hiyo inasema kitu kilipotea, nawe unadai kilichukuliwa na kuwekwa bondi. Karatasi zako mbili zitapingana, na mwenye duka atalishika hilo.

Dukani nenda na askari mpelelezi. Ukitangulia peke yako kugomba, jioni hiyo kitu kinaweza kuhamishiwa duka jingine. Kama ni lazima uhakikishe kipo, ingia kama mteja, tazama, soma kikaratasi, toka bila kusema neno.

Polisi nao wana kasoro yao. Mali ikikamatwa inakuwa kielelezo, na inaweza kukaa stoo ya kituo hadi kesi iishe. Mwambie mpelelezi na mwendesha mashtaka mapema kwamba unaomba kitu kipigwe picha na mahakama iruhusu ukabidhiwe. Kama ni cherehani inayolisha familia, liseme hilo, tena kwa maandishi.

Je, kulipa ni ujinga? Hapana, ni hesabu. Simu ya 600,000 iliyowekwa kwa 150,000, riba ya asilimia 20 kwa mwezi, baada ya miezi miwili inadaiwa 210,000. Kama kazi yako yote imo humo, lipa, lakini andikishaneni: jina lako kama mmiliki, IMEI, kiasi, na maneno "nimelipa ili nirudishiwe mali yangu iliyowekwa bila ridhaa yangu". Asaini na mwenye duka. Bila karatasi hiyo umemlipia mkopaji deni lake, na akija na kipande chake duka litabaki na maswali. Pesa hiyo unaweza kumdai yeye Mahakama ya Mwanzo, inayosikiliza madai ya mali inayohamishika isiyozidi shilingi milioni 30, kwa Kiswahili. Uliza pia leseni ya ukopeshaji. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kukopesha bila leseni ni kosa, na Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Duka la asilimia 20 lisilo na leseni hulegea sana swali hilo linapoulizwa mbele ya askari.

Wanandoa wana ugumu wao, kwani kaunta ya polisi mara nyingi huwarudisha nyumbani wakaelewane. Sheria ya Ndoa ya 1971 haikuchanganya mali zao zote kuwa moja: kilichonunuliwa kwa jina la mke huchukuliwa kuwa chake hadi ithibitishwe vinginevyo, na nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Risiti yenye jina ina nguvu hapa kuliko mashahidi wanne.

Pikipiki ni habari nyingine, maana mara nyingi kinachowekwa ni kadi ya usajili tu huku chombo kikiendelea na kazi barabarani. Usiape kwamba kadi imepotea ili upewe nyingine. Huo ni uongo kwa polisi. Andika barua TRA (Mamlaka ya Mapato) ukieleza kwamba hujauza, ukitaja namba ya usajili, ya chasisi na ya injini, ili uhamisho wa umiliki usipite, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.