Rili ya Kuvulia Besi: Kagua Kiroli Kabla ya Kulipa

Kila kusi inapoanza kuchafua bahari, wavuvi wa burudani wa Mombasa huanza kuulizana habari za besi, samaki wa Ziwa Naivasha, na kila wanaporudi kutoka huko malalamiko yanayonifikia ni yale yale: mshipi umejisokota, umejifunga mafundo kwenye pete ya kwanza ya ufito, na samaki amekwenda zake. Wengi huulaumu mshipi wenyewe, na msomaji mmoja wa Mikindani alikuwa amekwisha kuubadilisha mara kadhaa kabla ya kuniandikia. Nikawaomba wanitumie picha za rili zao, yaani vile vifaa vya kukunjia mshipi vinavyofungwa kwenye ufito, tena wapige kwa karibu, pale ambapo utambo wa waya unakutana na kile kiroli kidogo kinachopitisha mshipi. Jibu lilikuwa limejichora pale pale: mfereji mwembamba uliochimbwa na mshipi upande mmoja tu wa kiroli, na ukingoni mwake utando mweupe wa chumvi.

Kwa hiyo mwongozo huu hautahesabu beringi, hautalinganisha kasi ya gia, wala hautasema lolote kuhusu rangi. Hayo yameandikwa kwenye boksi, na muuzaji atakusomea hata usipomwomba. Ninachopanga hapa kwa daraja ni rili za kawaida zinazoning'inia chini ya ufito, za ukubwa unaoandikwa 2500, ambao ndio unaomfaa besi, na kigezo changu kikubwa ni kiroli. Rili zinazokaa juu ya ufito, ambazo spuli yake, yaani kile kigurudumu kinachokunjiwa mshipi, huzunguka mshipi unapotoka, hazina kiroli cha namna hii, na anayezitumia ana matatizo mengine ya kujitatulia.

Ni vyema kwanza kueleza kwa nini kifaa kidogo kuliko ncha ya kidole kinaleta hasara kubwa ziwani wakati baharini mtu hakukiona kuwa na kasoro. Mvuvi anayetega changu pale Likoni huutupa mshipi wenye chubwi nzito, akausubiri. Mvuvi wa besi hasubiri. Samaki huyu wa Amerika Kaskazini, aliyeingizwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani, huvizia kwenye kingo za mafunjo na chini ya vivuli vya magugu maji, na anayemtaka hana budi kutupa chambo karibu kabisa na kivuli hicho, kukivuta polepole, kukitoa na kukitupa tena, tangu alfajiri mpaka jua liwe kali. Chambo kinachofaa sana ni mnyoo wa plastiki laini unaotanguliwa na chubwi ndogo yenye umbo la risasi, ncha ya ndoana ikiwa imefichwa ndani ya mnyoo ili isinase majani. Chambo chenye umbo na rangi ya kamba wa maji baridi pia kinafaa, kwa kuwa kamba hao, walioletwa ziwani mwaka 1970, wamekuwa chakula kikubwa cha besi. Wapo wanaopenda vijiko vinavyozunguka majini, na hivyo husokota mshipi hata kwenye rili nzima. Kila mvuto mmoja kati ya hiyo yote ni safari ya mita nyingi za mshipi juu ya kiroli, nao, unapofika hapo, hukata kona kali kutoka kwenye ufito kuelekea kwenye spuli. Kiroli kikizunguka, mshipi hupita bila taabu. Kikiganda, mshipi huburuzwa juu ya chuma, hujikuna, hujisokota kidogo kwa kila mvuto, na ukiwa ni ule wa nyuzi zilizosukwa, ambao ni mwembamba na hauvutiki, basi huo ndio unaochimba mfereji.

Kinachokigandisha kiroli ni bahari yetu. Wengi wetu hatuna rili ya ziwani na rili ya baharini. Tunayo moja, inayofanya kazi Mtwapa na Tudor wakati wa kaskazi na kupanda Naivasha wakati wa kusi. Katika sehemu zote za rili, kiroli ndicho kinachopokea maji ya chumvi moja kwa moja, kwa kuwa kila mshipi uliolowa hukamuliwa juu yake. Maji hukauka, chembe za chumvi hubaki kati ya kiroli na kitu kinachokibeba ndani, na kitu hicho katika rili nyingi za bei nafuu si beringi bali ni kipete cha plastiki. Utashauriwa kuosha rili kila unaporudi nyumbani, na ushauri ni mzuri, ila anayeutoa husahau kwamba katika nyumba nyingi za Mombasa maji ya bomba ni ya kisima, nayo yana chumvi. Ukiosha rili kwa maji hayo, umeiongezea maradhi. Tumia kikombe kimoja cha maji matamu kutoka kwenye mtungi wa mchuuzi wa mkokoteni, uyamimine taratibu juu ya kiroli huku ukikizungusha kwa kidole, ukifute kwa kitambaa, kisha utie tone moja la mafuta mepesi. Grisi usitie, kwa sababu hunasa mchanga.

Dukani, jaribio halihitaji zaidi ya dakika moja. Chukua kipande cha mshipi mwembamba kutoka nyumbani, ukipitishe juu ya kiroli, ushike ncha mbili kwa mikono miwili, kisha uvute huku na huku kwa uzito mdogo tu, kana kwamba unavuta mnyoo wa plastiki. Kabla ya kuvuta, tia nukta ya kalamu kwenye kiroli. Nukta ikizunguka pamoja na mshipi, endelea kuzungumza bei. Ikisimama, au ikawa inazunguka pale tu unapovuta kwa nguvu, rudisha rili kwenye boksi, hata kama muuzaji anaapa kwamba kitalegea chenyewe kikishatumika. Hakilegei. Uvutaji wa nguvu si kipimo, kwa maana samaki mkubwa atakizungusha kiroli chochote, na mshipi husokotwa zaidi katika mivuto ile mingi mitupu isiyo na samaki.

Nafasi ya kwanza naipa Shimano Nasci, na sifichi kwamba nina upendeleo na kampuni hii. Shimano ilianzishwa mwaka 1921 mjini Sakai, karibu na Osaka, na watu wengi wa hapa wanaijua kwa gia za baiskeli kabla ya kuijua kwa uvuvi, ambao iliuingia mwaka 1970. Huko kwao besi ni samaki anayeheshimiwa kuliko tunavyomheshimu sisi. Aliingizwa Japani katika Ziwa Ashi mwaka 1925, miaka minne tu kabla ya Naivasha, na mwaka 2009 Manabu Kurita alimtoa katika Ziwa Biwa besi mwenye zaidi ya kilo 10, akaifikia rekodi iliyokuwa imewekwa na George Perry huko Georgia, Marekani, tangu mwaka 1932. Kampuni inayotengeneza rili karibu na ziwa kama hilo ina wateja wasioweza kudanganywa kwa boksi lenye picha nzuri. Katika Nasci, kinga dhidi ya maji inayoitwa CoreProtect imewekwa pia kwenye kiroli, na hilo ndilo ninalolilipia. Si rili nyepesi kuliko zote, wala mpini wake si wa kupendeza sana mkononi, lakini kati ya rili za bei ambayo mwajiriwa wa kawaida anaweza kuifikia kwa kujinyima kidogo, sijaona inayofikiria kiroli kwa uzito huo.

Ya pili ni Shimano Stradic, ambayo kwa haki ya kifundi ingekuwa ya kwanza, kwa kuwa kinga yake ya X-Protect ni bora zaidi na mzunguko wake ni laini ajabu. Nimeishusha kwa sababu ya bei. Mtu anayekwenda Naivasha mara chache kwa mwaka hahitaji kufunga kiasi hicho cha fedha kwenye ufito unaosafiri kwa basi chini ya mabegi ya watu.

Ya tatu ni Daiwa BG. Mwili wake ni wa alumini, ni imara, na imejengwa kwa ajili ya bahari, kwa hiyo mwenye kuvua kolekole zaidi ya besi anaweza kuipandisha hadi nafasi ya kwanza bila kuniomba ruhusa. Daiwa wana muundo wa kiroli wanaouita Twist Buster, uliobuniwa mahsusi kupunguza msokoto, na katika rili zao za bei ya juu huweka mafuta ya sumaku yanayozuia maji yasipenye. Kinachonikera ni uzito. Ukitupa chambo chepesi asubuhi nzima, mkono unaanza kulalamika kabla ya samaki kuamka.

Ya nne ni Penn Spinfisher VI. Penn ni kampuni ya Philadelphia iliyoanza mwaka 1932, na sifa yake baharini haina mjadala. Muuzaji atakuonyesha alama ya IPX5, ambayo ni kipimo cha kuzuia maji, na kukueleza kwamba rili haiingii maji. Msikilize, kisha ukumbuke kwamba kinga hiyo imetajwa kwa mwili na spuli. Kiroli ukikague mwenyewe kwa nukta ya kalamu kama ulivyokagua vingine. Kwa besi ni nzito, na mimi naona ni sawa na kulipia nguvu usiyoihitaji.

Sasa niseme kuhusu wauzaji, maana hapa ndipo ninapopoteza subira. Kuna duka moja mjini, sitalitaja, ambalo muuzaji wake alinikataza kupitisha mshipi juu ya kiroli cha rili kwa madai kwamba bidhaa ikiguswa imekwisha kutumika. Viatu tunajaribu, suruali tunajaribu, tikiti maji tunalipiga kofi kabla ya kulinunua, lakini rili inayozidi bei ya vyote hivyo tunatakiwa tuitazame kupitia plastiki. Wengine huuza kwa hesabu ya beringi: rili isiyojulikana imetoka wapi, imeandikwa beringi 13 kwa herufi za dhahabu, na ukikifungua kiroli, kinachofunguka kwa skrubu moja tu, unakuta ndani hakuna hata moja. Zipo pia zile zenye jina linalokaribia jina maarufu kwa tofauti ya herufi moja. Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa bandia tangu mwaka 2008, lakini bidhaa hizo zimepangwa kwenye kabati la kioo mbele ya macho ya kila mpita njia.

Bei nayo ina kizungumkuti chake. Mzigo unashushwa Kilindini, unapita mbele yetu kwenda bara, kisha muuzaji wa Mombasa anaagiza rili ile ile kutoka kwa mwenye duka la jumla Nairobi na kutuongezea nauli ya kuirudisha mahali ilipoanzia. VAT ya asilimia 16 naielewa, ushuru nauelewa, faida ya muuzaji pia naielewa kwa sababu naye ana kodi ya duka na watoto wa kusomesha. Nisichokielewa ni kwa nini mteja akiuliza kiroli cha akiba, kipuri kidogo kinachoweza kuiokoa rili nzima, anaambiwa kwamba kipuri hakiletwi na kwamba heri anunue rili mpya. Ukinunua Nasci au BG, muulize muuzaji swali hilo kabla ya kutoa fedha, na uombe risiti yenye jina kamili la modeli, kwa kuwa bila modeli huwezi kuagiza kipuri popote.

Kuhusu rili za bei ya chini, Shimano Sienna na Shimano FX zinatosha kwa anayeanza, mradi zipite jaribio la nukta. Tofauti kati ya boksi moja na jingine hubainika hapo hapo, basi omba uonyeshwe zaidi ya moja. Ununue pamoja nayo mshipi wa nailoni wa ratili 8 au 10, ambao husamehe kiroli kizito kuliko ule wa kusukwa, na rili hiyo iwe ya ziwani tu, isiguse maji ya Likoni hata siku moja.