TAHADHARI: Gari ikikuchemkia kati ya Miritini na Changamwe, usimpe mtu boneti wala arubuni

Ndugu zangu mnaoingia Mombasa kwa barabara ya Mazeras, nawaomba msome hadi mwisho. Kuna vijana wanaozunguka kati ya Miritini na Changamwe wakiwinda magari yaliyochemka. Wanakuja na ovaroli na spana mkononi, wanakwambia injini yako imekufa, halafu wanakuuzia injini ambayo haipo. Mimi wamenila shilingi 20,000, betri mpya na alteneta ya kuchajia betri, na injini yangu ilikuwa nzima. Nina uchungu, lakini nimeyaandika mambo jinsi yalivyokuwa.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa Februari. Tulikuwa tunatoka matangani Kaloleni, mimi na shangazi yangu, mtu mzima mwenye ugonjwa wa sukari. Gari ni Fielder ya 2005, ile ya injini ya 1NZ. Kutoka Kaloleni mpaka Mazeras mshale wa joto ulikaa mahali pake. Tulipofika Miritini tukakuta foleni ya malori ya kontena imesimama tuli. Jua la kaskazi mwalijua. Vioo nimefunga, AC imewaka. Baada ya kama robo saa ule upepo wa AC ukaanza kuja vuguvugu. Mshale nao ukapanda, mvuke ukafuka kwenye boneti, nikasogea kando nikazima.

Hazikupita dakika tano. Bodaboda ikasimama, akashuka kijana. "Pole mamangu, usiogope, mimi fundi, gereji yetu iko hapo mbele." Adabu tele. Akamwamkia shangazi shikamoo, akamtafutia kivuli akae. Akafungua kifuniko cha rejeta, pale panapopozwa maji ya injini, kwa kitambaa, maji yakaruka juu kama chemchemi, kisha akachukua jerikeni ya maji kwenye kibanda cha jirani akamimina. Yalikuwa maji ya kisima, ya chumvi, baridi, kwenye injini iliyokuwa ikitokota. Leo najua kwamba hilo peke yake lingeweza kuipasua hedi, ile sehemu ya juu ya injini, maana hedi ya 1NZ ni aluminiamu, na bloku ya chini yake pia.

Kisha akaniambia, "Ingia ndani mama, washa, kanyaga mafuta kidogo." Boneti ilikuwa imeinuliwa mbele yangu kama pazia, sikuona anafanya nini. Nilipoitwa nikaonyeshwa kifuniko cha kumiminia oili, chini yake kuna utando mweupe kama tui zito. "Waona? Maji yashaingia kwenye oili. Gasketi ya hedi ishaungua na hedi ishapinda. Ukiwasha tena, injini yagonga."

Hapo ndipo bei zilipoanza. Kutengeneza hedi 38,000, na hana hakika itapona. Injini nzima kutoka Japani, 65,000, imeshuka bandarini juzi, imebaki moja, kuna mtu wa Malindi anakuja kuichukua jioni. Akampigia simu "dada wa dukani" mbele yangu, dada akathibitisha kila neno. Nitume arubuni ya 20,000 ili aniwekee. Shangazi alikuwa ametota jasho, wakati wa dawa yake umefika, malori yanapiga honi. Nikatuma M-Pesa. Lile jina linalotokea kabla ya kuthibitisha halikuwa la duka wala la yule dada, lilikuwa la mwanamume. Nikauliza, nikajibiwa ni laini ya mumewe. Nikabonyeza. Wenzangu, pale ndipo pa kusimama. Duka la spea linalouza injini za maelfu haya lina namba ya kulipia na lina risiti. Likikosa vyote viwili, hata senti tano usitume.

Gari ikavutwa kwa kamba hadi hiyo gereji, sisi tukapanda tuktuk kurudi nyumbani.

Kesho yake simu ya dada haishiki. Kijana anasema injini inachelewa, ila wao tayari wameifungua hedi na kuiona imepinda, kwa hiyo nilete 8,000 za kazi. Hapo nikamwendea Ami mmoja jirani yetu Kisauni, fundi wa siku nyingi, nikamweleza. Hakunikatiza. Aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, ilichemka ukitembea au ukisimama?" Nikamwambia kwenye foleni. "Na AC ilibaki baridi?" Nikamwambia la, ilikuwa imeanza kupoteza ubaridi wake. Akachukua mkoba wake, tukaenda.

Kufika, Ami akainama mara moja tu. Kifuniko cha vali hakijafunguliwa, vumbi la zamani limelala juu ya boliti zote bila mkwaruzo. Hedi iko chini ya kifuniko hicho, sasa wameionaje imepinda? Akachomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwa karatasi nyeupe: oili safi, rangi ya asali, hakuna weupe hata chembe. Ule utando wa kwenye kifuniko akauchukua kwa kidole akaunusa. Sabuni na grisi. Maji yakiingia kwenye oili kweli huonekana mpaka kwenye kijiti, hayakai kwenye kifuniko peke yake. Na hata weupe kidogo wa kifunikoni pekee hausemi kitu, kwa sababu gari inayotembea safari fupifupi huweza kufanya unyevu pale juu bila ugonjwa wowote. Vijana wakaanza kuwa wakali, Ami akasema tuite polisi tuongee mbele yao, wakatuachia gari. Shilingi 20,000 wakasema hawazijui, eti ni mambo yangu na mwenye duka.

Tulipoivuta hadi Kisauni ndipo tukaona betri si yangu. Yangu niliinunua Desemba na risiti ninayo. Alteneta nayo imebadilishwa, imewekwa kuukuu inayopiga kelele.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa huu. Ami alichukua nyaya mbili akaipa feni ya rejeta moto moja kwa moja kutoka kwenye betri. Haikuzunguka. Mota imekufa. Ndiyo maana gari ilikuwa salama ikikimbia, kwa sababu upepo wa barabarani unapita kwenye rejeta wenyewe, na ikasimama ikachemka. Na ndiyo maana AC ilipoteza baridi kwanza, kwa kuwa kondensa yake, ile kama rejeta ya AC, inapozwa na upepo wa feni hiyohiyo. Ingekuwa inachemka ikipanda mlima au ikienda kasi, na kwenye foleni imetulia, angeanza kushuku rejeta iliyoziba au wota pampu. Swali lake lile moja lilikuwa na thamani kuliko spana zote za wale vijana.

Hakuishia hapo. Alimwaga maji ya rejeta, yakatoka mekundu kama udongo wa Kaloleni, nusu ya mirija imeziba. Hilo ni kosa langu la miaka: nimekuwa nikiongeza maji ya bomba la kwetu, na visima vyetu vingi hapa pwani ni vya chumvi. Chumvi inakula chuma na kuacha magamba. Thamostati aliitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni kwangu, na kipimajoto pembeni. Ya injini hii huanza kufunguka kati ya digrii 80 na 84, nayo ikafunguka vizuri, akairudisha. Msikubali kabisa fundi anayeitoa akaitupa kwa kisingizio cha "Mombasa hakuna baridi". Ile ndiyo inayoshika joto la injini mahali pake. Kifuniko cha rejeta akanitaka nibadilishe, kwa sababu ndicho kinachoshika presha, na maji yakiwa na presha hayachemki kwa digrii 100, yanavumilia hadi juu ya 120. Kifuniko kilicholegea kinakuchemshia gari nzima.

Mwisho akapima kompreshini, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda. Silinda zote nne zilikaribiana. Akajaza rejeta, akaacha wazi, akawasha akavuta mafuta: povu la mwanzo likatoka la hewa iliyobaki ndani, kisha maji yakatulia. Gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, ikiwa imeungua kweli, mapovu hayaishi, hosi ya juu inakuwa ngumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha injini iliyolala baridi, maji yanapungua bila kuvuja popote, na moshi mweupe wa ekzosti haukomi hata injini ikipata moto. Ukiona hayo, basi kweli kuna kazi, na hapo mwambie fundi atoe hedi uione ikipimwa kwa rula ya chuma mbele ya macho yako, kisha ndipo muongee kama ni ya kunyooshwa au la. Ukiwa uliendesha kilomita nyingi mshale ukiwa juu kabisa, huenda injini nyingine ikawa nafuu kweli, sikatai. Lakini uamuzi huo haufanywi kando ya barabara na mtu uliyemjua nusu saa.

Nililipa hivi: mota ya feni iliyotumika 3,500, rejeta mpya 7,500, kifuniko 600, kulanti (maji maalumu ya rejeta) 1,600, kazi 2,500. Jumla 15,700. Betri na alteneta ni hesabu nyingine ambayo bado naiuguza.

Kama kesho yatakupata wewe: ukiona mshale unapanda zima AC, washa hita yote hata kama utaloa jasho, maana inatoa joto kwenye injini, tafuta pembeni na uzime. Funga milango, boneti iache. Kaa zaidi ya nusu saa kabla ya mtu yeyote kugusa kifuniko cha rejeta. Mpigie fundi wako, au mtu wako aje na kamba. Akitokea mwenye ovaroli ambaye hukumwita, mshukuru umwambie fundi yuko njiani. Ikibidi gari ilale gereji usiyoijua, piga picha za betri, alteneta na namba ya injini kabla hujaondoka. Namba hiyo imeandikwa kwenye kitabu cha gari, na injini ukiibadilisha lazima NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wajue, kwa hiyo muuzaji asiyetaka kukupa karatasi za injini usimsikilize hata akikupa bure.

Pesa nilijaribu kuzirudisha kwa kutuma ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456, namba ya kuomba pesa zirudishwe, lakini zilikuwa zimeshatolewa. Ukigundua mapema fanya hivyo papo hapo, dakika zile ni muhimu. Nimeandikisha polisi na namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, ninayo. Watu wawili wamenifuata wakisema waliuziwa injini hiyohiyo iliyobaki moja, na mmoja alituma kwa namba ileile. Kama nawe ulituma, usifute ujumbe wako. Jumatano asubuhi twaenda kituoni pamoja, njoo nao.