Usukani wa DT yangu na gereji iliyotaka nimlete "shemeji"

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo mtanivumilia nikirukaruka. Gereji yenyewe siitaji jina. Iko Morogoro mjini, ina bango kubwa na vijana wenye ovaroli safi, na ovaroli safi kwenye gereji ya pikipiki ina maana yake.

Mimi ni afisa ugani, wakulima wangu wako milimani huko Mgeta. Anayeijua barabara ya kutoka Sangasanga kupanda hadi Langali hana haja ya maelezo. Asiyeijua, ajue tu kwamba ndiko zinakoshukia njegere na kabichi, na kwamba mvua ikishapita udongo huondoka na mawe hubaki. Ninaendesha pikipiki ya zamani ya Yamaha, DT 125, niliyoinunua mradi fulani ulipofunga ukauza vitu vyake. Pikipiki sina neno nayo. Usukani wake wa mwanzo ulipinda, nikanunua mwingine palepale gereji, wakaufunga wao wenyewe.

Basi sikilizeni. Ukiwa unashuka mlima umesimama kwenye vikanyagio, uzito wako mwingi unakuja mikononi. Gurudumu la mbele likigonga jiwe, usukani unazunguka ndani ya vibano vyake, vile vinavyoushikilia katikati. Husikii mlio wowote. Unashtukia tu mikono imeenda mbele, na wenzo wa breki uliokuwa tayari chini ya vidole sasa umeinamia ardhini, unaupapasa huuoni. Kushoto ni korongo. Siku ya kwanza ilinitokea chini kidogo ya Langali, na mama mmoja aliyekuwa na tenga la karoti kichwani aliniambia "pole mwanangu" kabla hata sijasimama vizuri.

Nikawapelekea. Wakakaza, nikalipa. Ukateleza. Wakakaza, nikalipa. Ukateleza tena.

Nilipowarudia safari hii nikamwambia kijana wa kaunta kwamba kukaza hakusaidii, naomba mtu avifungue vibano tuone ndani kuna nini. Hakuinua macho kwenye simu. Akasema, "Dada, haya mambo ya kiufundi ni magumu kukuelezea. Mwambie shemeji aje, tutaongea naye."

Shemeji! Mimi hapo nina matope hadi magotini, helmeti mkononi, leseni mfukoni. Huyo shemeji wao akipandishwa kwenye DT hata kuiwasha atauliza. Na hata kama angekuwa bingwa wa mbio za matope, pikipiki ni yangu, korongo ningetumbukia mimi na hela nilikuwa natoa mimi. Nimeyarudia maneno yale kichwani wiki nzima, kila mara napata jibu zuri zaidi, na kila mara nimechelewa.

Fundi mkuu akatoka, nikadhani sasa nimepata mtu. Akausukuma usukani kwa kiganja kimoja, akasema, "Uko poa huu." Nikamwambia apande, asimame, auelemee kwa uzito wake. Akacheka. Akasema kama nataka utulie moja kwa moja, watapiga welding. Hebu fikirieni: usukani ni wa chuma, vibano vyangu ni vya aluminiamu. Ile mashine yao ya fito haiunganishi vitu hivyo viwili hata wakeshe. Wangeishia kuyeyusha kibano na kuunguza nyaya za swichi, kisha wangeniambia niite shemeji.

Nikaondoka. Nikaenda kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kukereza vyuma, ambaye kazi yake ni bushi na shafti za mashine za kusaga, pikipiki wala hashughuliki nazo. Huyu naye ana yake. Shikamoo yangu hakuiitikia. Akanionyesha benchi kwa kidole, akashika spana namba 12, akaanza kufungua. Bolti tatu zilitoka vizuri. Ya nne ilikuja na nyuzi za aluminiamu zimejiviringa kwenye meno yake.

Akanyanyua kofia ya kibano. Chini yake kulikuwa na kipande cha kopo la soda. Kimekatwa kwa mkasi, kingo zimekaa upogo, bado kina rangi nyekundu na nusu ya herufi nyeupe, kimekunjamana na kulowa grisi. Grisi! Mahali ambapo kazi yake yote ni kushika! Mzee akakibandua kwa bisibisi akakiweka kiganjani mwangu. "Nani kakuwekea takataka hii?" Akauliza kwa ukali, utadhani nilikikata mimi jikoni kwangu.

Halafu akachukua vernia, akapima usukani pale unapobanwa, akanigeuzia nisome. Mimi, si shemeji. Milimita 21.8. Ulitakiwa uwe 22.2, ndiyo ile inchi 7/8 ya siku zote. Upungufu wenyewe unaweza kuudharau, lakini mzee alinionyesha kinachotokea: kofia ya kibano inagusa kiti chake mbele na nyuma kabla haijaubana mrija wa usukani. Hapo kaza unavyotaka, kaza hadi bolti ikatike. Nguvu yote inaishia kibano kwa kibano, na usukani umelala katikati hakuna anayeushika. Ndiyo maana kila walipokaza hali ilikuwa ileile, na ndiyo maana meno ya tundu moja yalikufa. Wale vijana walikuwa wanachomeka bomba kwenye spana ili wapate nguvu zaidi. Niliwaona kwa macho yangu. Tena usukani wenyewe hauna ile michirizi iliyochongwa katikati ya kushikamana na kibano. Ni laini, umepakwa rangi nyeusi hadi humo ndani. Waliujua haukai, ndiyo maana wakatafuta kopo.

Dawa ya kweli ni kununua usukani wenye kipimo chake, na mzee alianza kwa kusema hivyo. Hela sikuwa nayo siku ile. Akaguna, akafanya hivi: alitandika msasa juu ya kioo, akasugua nyuso za kofia mbili kidogokidogo huku akijaribisha, hadi zikaanza kuubana mrija kabla ya kugusana nyuma. Lile tundu lililokufa alilitoboa upya, akaweka bushi ya chuma, akakata meno mapya. Akakwangua rangi ya usukani pale unapobanwa, akaosha kila kitu kwa petroli, akafuta kwa kitambaa kikavu na kusubiri. Alisubiri kweli, hata nikaanza kuangalia saa.

Kwenye kufunga nilisogea karibu, maana hapo ndipo gereji huwa wanakimbiza. Kofia zangu zina kinukta juu, na kinukta kinakaa upande wa mbele. Alikaza bolti za mbele kwanza hadi pengo likafunga, kisha za nyuma, pengo likabaki nyuma tu. Pikipiki nyingine zinataka pengo lilingane pande zote, kwa hiyo tazameni kitabu chake. Akamalizia kwa spana ya kupimia nguvu. Bolti za milimita 8 za sehemu hiyo, pikipiki nyingi huandikiwa kati ya niutonimita 20 na 28, na hizo mkono wa mtu mmoja usio na bomba unazifikisha bila jasho. Mwisho akachora mstari kwa rangi nyeupe, nusu kwenye mrija na nusu kwenye kibano. Mistari ikiachana, umeteleza. Isipoachana na bado unahisi usukani unacheza, tazama mipira ya chini ya vibano kama pikipiki yako inayo. Ikichoka, vibano na usukani huyumba pamoja, na hilo ni tatizo lingine kabisa.

Bei yake? Ilinichoma. Alinitoza zaidi ya vile nilivyolipa gereji kwa kukaza kote kule ukijumlisha. Nilipoomba risiti aliniambia kama nataka karatasi niende benki. Simpendi yule mzee. Nimeshapeleka kwake wenzangu wawili wa kata za jirani, na wote wamerudi wananung'unika juu ya mdomo wake huku usukani umetulia. Mimi nimeshapanda hadi Nyandira na kushuka kwenye tope, na mistari yangu haijaachana.

Sasa kuhusu gereji. Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota mbili, maana tusiwaonee, wana haraka, pancha wanaziba vizuri na bei ya oili si mbaya. Nilikuwa hata nimeandika kwamba kwa kazi ndogondogo nendeni tu.

Nimefuta. Juzi nilipita kudai hela yangu ya usukani. Kijana ni yuleyule, simu ni ileile. Akasema hawarudishi kitu kwa sababu vibano "vimeshachezewa na fundi wa nje". Nikatoa kile kipande cha kopo kwenye mkoba, nikakiweka kaunta mbele yake. Akakishika kwa kucha, akakigeuza, akamwita fundi mkuu. Wakaangaliana. Fundi mkuu akaniambia kwa upole kabisa kwamba hicho si cha kwao, wao hawajawahi kutumia makopo ya soda. Wao wanatumia bati la debe la mafuta.