TAHADHARI: Kadi za "GTX 1050 Ti" za laki na ishirini zinazotumwa Kigoma kwa basi ni feki

Wakuu, hasa vijana wa Kigoma mnaojenga mashine za gemu kwa hela ya kudunduliza, someni hii kabla hamjamtumia mtu pesa.

Kuna muuzaji anajitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram, anasema yuko Kariakoo, anauza kadi ya grafiki (ile inayochora picha za gemu kwenye kioo) GTX 1050 Ti ya 4GB kwa shilingi 120,000. Unalipa yote mapema, tena kwa namba yake ya simu, lipa namba ya duka hana. Kisha mzigo unapakiwa kwenye basi. Mzigo unafika kweli, na hapo ndipo anapowakamata watu: mteja anaichomeka kadi, inawaka, Windows inaandika NVIDIA GeForce GTX 1050 Ti, memori 4GB, basi anarudi grupuni kumsifia. Akija kufungua gemu kubwa mashine inaganda. Akimpigia muuzaji, ameshablokiwa.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Mwanga, Kigoma mjini. Kadi za huyu mtu zimeletwa mezani kwangu na wateja tofauti, na zote nilizozifungua ni zilezile. Iliyoniuma zaidi ni ya dogo mmoja wa Ujiji mwenye kibanda cha gemu. Wateja wake walikuwa wanamkimbia, wanataka EA Sports FC 24, na kwa upande wa NVIDIA gemu hiyo kiwango chake cha chini kabisa ni hiyohiyo GTX 1050 Ti. Muuzaji anajua hilo fika. Anachagua jina ambalo vijana wanalitafuta.

Nilifungua skrubu za feni, nikaondoa hitsinki (kile chuma cha kupoza chipu), nikaifuta ile pasta iliyokuwa imekauka kama udongo. Chipu ikasomeka: GF106-250-KA-A1, na pembeni namba inayoanza na 1038, yaani imetengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2010. Hiyo ni GTS 450. GTX 1050 Ti halisi ilitoka Oktoba 2016 na chipu yake ni GP107. Walichofanya ni kuandika upya BIOS (programu ndogo iliyo ndani ya kadi yenyewe) ya kadi ya zamani ili ijitambulishe kwa jina lisilo lake, wakabandika stika mpya juu ya feni. Windows inafuata utambulisho ulioandikwa kwenye BIOS, haichunguzi chipu yenyewe, kwa hiyo jina unaloliona kwenye skrini si ushahidi wa chochote.

Tofauti ni kubwa mno. Kadi halisi ina viini 768 vya kuchakata picha, hiyo ya kudanganya ina 192. Memori iliyoandikwa 4GB ndani ni 1GB tu. Gemu ikishajaza hiyo moja na kudai zaidi, rangi zinachanika kwenye kioo, picha inasimama, mashine inajizima na kuwaka upya. Na ukienda kuchukua draiva (programu inayoiendesha kadi) kwenye tovuti ya NVIDIA, ama inakataa kuingia ama kioo kinabaki cheusi. Ndiyo maana jamaa anatuma draiva yake kwenye flashi na kukusisitizia usiipdeti kamwe. Flashi hiyo msiichomeke. Programu iliyochezewa na tapeli hujui imebeba nini.

Kuna hatari nyingine ambayo naona haisemwi. Wengi wetu tunajenga juu ya mashine za ofisi zilizotumika, Dell OptiPlex na HP, kwa sababu ni za bei nafuu na ni imara. Pawa saplai zake nyingi ni ndogo na hazina waya wa pini 6. GTX 1050 Ti halisi inakula wati 75, na nyingi zinapata umeme wote kwenye sloti ya ubao, ndiyo maana inazifaa hizi mashine. GTS 450 inakula wati 106 na inataka waya wa pini 6. Kwa hiyo ndani ya boksi anakuwekea adapta ya kuchukua umeme kwenye waya za hadi disiki. Dogo wa Ujiji pawa yake ilianza kunuka kuungua. Angeweza kupoteza mashine nzima na kibanda juu.

Bila kufungua kitu, angalieni kwanza nyuma ya kadi. Ukiona tundu la VGA lile la bluu, achana nayo, maana kizazi cha NVIDIA cha 1050 Ti hakitoi tena picha ya analogi, ile inayopita kwenye VGA. Tundu la pini 6 peke yake halitoshi kuihukumu, zipo 1050 Ti halisi zinazokuja nalo, ila likiwa pamoja na VGA jibu umelipata. Kisha dai video, picha haitoshi, ya kadi ikiwa kwenye mashine na programu ya GPU-Z (inayosoma taarifa za kadi) imefunguliwa, na karatasi yenye jina lako pembeni. Kuanzia toleo 2.12.0 la mwaka 2018, GPU-Z inazitambua hizi kadi: jina linatanguliwa na neno FAKE, na mahali pa nembo panatokea pembetatu ya onyo. Atakayesema hana muda wa kurekodi video hiyo, na wewe usiwe na muda wa kumtumia laki na ishirini.

Huyohuyo anauza pia ramu za DDR3 8GB kwa bei ya kutupa. Zipo za aina inayofanya kazi kwenye bodi za AMD tu, na mashine zetu nyingi ni Intel. Haziwaki.

Waliokwisha kupigwa, msitupe boksi, stika wala risiti ya basi. Hifadhini meseji na muamala, mwende polisi. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na udanganyifu wa namna hii unaingia humo. Meseji za kitapeli za simu zitumwe 15040. Na nawaomba sana, msiiuze hiyo kadi kwa mwenzenu wa Gungu au Kibirizi ili mrudishe hela.

Aliye mjini na ana kadi anayoitilia shaka, aje nayo kwa fundi yeyote mwenye GPU-Z kabla hajaichomeka kwenye mashine ya kazi. Kwangu kupima ni bure.